Kisanduku cha Sikubali

Mjinga wa siku ile alikuwa fundi sofa, na tusimtafutie mwenzake wa kugawana naye. Si mkewe, si mwalimu wa darasa, wala si yule tabibu wa meno aliyekuja shuleni na sanduku lake la vyuma. Ni yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye akili timamu, anayeweza kukutazama tu ulivyokaa akakwambia kiti chako kimelegea wapi. Ila wivu ukishamkalia mtu kichwani, hata karatasi anaisoma anavyotaka yeye.

Mambo yalianzia kibandani kwake, Ijumaa mchana. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, nyundo mkono wa kulia, kitambaa amekivuta kwa mkono wa kushoto, na misumari midogo kumi na kitu ameibana kwa meno. Ndivyo alivyofundishwa kazi: msumari unatoka mdomoni unakwenda kwenye mbao, hakuna kupoteza muda kuingiza mkono kwenye kopo. Uzi nao aliukata kwa meno. Miaka ishirini ya kuufanya mdomo kuwa sanduku la vifaa ilikuwa imemwachia jino la mbele lililovunjika nusu, na gego moja la chini ambalo lilimtesa kwa siri. Hakumwambia mtu. Alitafuna upande mmoja akaendelea na maisha.

Binti yake wa darasa la kwanza alitokea na begi mgongoni na karatasi mkononi. Walimwita Kasuku, kwa sababu neno likishaingia sikioni mwake halikosi kutokea mdomoni.

“Baba, saini hapa. Jumatatu ni lazima. Mama amesema usaini leo leo kwa sababu wewe ni msahaulifu.”

“Mama yako yuko wapi?” fundi aliuliza kwa pembe ya mdomo, misumari ikicheza.

“Amebaki shule na daktari wa meno. Anamfundisha kushika tochi.”

Kibanda cha pili alikaa fundi redio, mwanamume mwembamba mwenye masikio makubwa kuliko kazi alizokuwa nazo. Akainua kichwa kutoka kwenye nyaya zake.

“Tochi? Mchana wote huu?”

“Ya kumulikia midomo,” Kasuku alimweleza kwa huruma, kama anayemweleza mtu asiyesoma. “Halafu, Baba, leo daktari alitaka kutuonyesha meno mazuri yanavyokuwa. Akamwambia Mama akae kwenye kiti afungue mdomo. Akamulika, akasema, ‘Watoto, tazameni. Shule nzima hii, na walimu wakiwemo, sijaona kinywa kama hiki.’ Mama akacheka mpaka akafunika uso.”

Fundi redio alipiga mluzi mrefu.

“Jirani, mimi na mke wangu huu mwaka wa tisa, na sijui ana meno mangapi. Huyo daktari wiki ya pili tu ameshayahesabu ya mkeo!”

Fundi sofa alicheka naye, kwa sababu mwanamume akitaniwa hadharani hana la kufanya ila kucheka. Lakini kicheko kilipita katikati ya misumari, kikatoka kimekwaruzwa.

Mkewe alikuwa amechaguliwa na mkutano wa wazazi kusimamia usafi wa meno ya watoto wa darasa la kwanza na la pili. Kila asubuhi aliwapanga kwenye mabomba, akawatilia kila mmoja dawa ya mswaki ya ukubwa wa punje ya njegere, akahesabu kwa sauti mpaka dakika mbili zitimie. Posho yake haikutosha hata kununua kiatu kimoja, achilia mbali jozi. Lakini watoto mia na zaidi walimwita Mama Miswaki, na mtaani watu waliokuwa hawamsalimii sasa walimsimamisha kumuuliza habari za fizi.

Fundi aliipokea karatasi. Ilieleza kwamba tabibu atawapaka watoto dawa ya kukinga meno yasioze, na kuziba mifereji ya magego mapya ili chakula kisijifiche humo. Bure. Chini palikuwa na visanduku viwili, kimoja Nakubali, kingine Sikubali, kisha nafasi ya saini ya mzazi. Na chini kabisa saini ya tabibu mwenyewe, iliyojizungusha mkia mara tatu, saini ya mtu anayejipenda.

Ni ule mkia uliomponza. Aliutazama, akauona mkono ulioandika, akauona mkono huo ukishika tochi, akamwona mkewe amefunika uso anacheka. Akachukua kalamu ya kuchorea mbao akatia alama kwenye Sikubali kwa nguvu hata karatasi ikatoboka. Akasaini. Akaikunja kama bahasha na kuifunga kwa gundi ya sponji, ile ambayo ikishika haibanduliwi kwa maneno matamu.

“Mpe mwalimu. Mwalimu, umenisikia? Mama usimpe.”

“Kwa nini Mama nisimpe?”

“Kwa sababu wewe unauliza sana.”


Mkewe alirudi nyumbani jua likiwa bado lipo, kitambaa cha kichwa kimeteleza nyuma na uso unameta. Alikuwa na mfuko wa miswaki mipya, akaimwaga mezani akaanza kuipanga kwa rangi.

“Fomu umesaini, Baba Kasuku?”

“Nimesaini.”

Wala hakuwa amesema uongo. Alijiambia hivyo mara mbili, akaona bado hajisikii vizuri, akajiambia mara ya tatu.

“Ahsante. Maana unajua lile gego jipya lililoota nyuma limeshaweka kidoa? Juzi wakati wa mswaki nilikiona. Tabibu anasema...”

“Tabibu anasema!” fundi alidakia. “Juzi tabibu anasema mtoto asipewe soda. Jana tabibu anasema mswaki uliochakaa utupwe. Kesho tabibu atasema mimi nilale upande gani.”

“Lala upande wowote, utakoroma tu.”

Kasuku akacheka kwa sauti. Fundi hakucheka. Alipitisha ncha ya ulimi kwenye jino lake lililovunjika, akaupitisha tena. Siku hizi alikuwa na tabia hiyo, na nyingine ya kujitazama kwenye mgongo wa kijiko wakati hakuna anayemwona.

“Naona unacheka sana siku hizi, Mama Kasuku.”

“Kwani zamani nilikuwa nalia?”

“Kucheka kwa kufunika uso?”

Mkewe aliacha kupanga miswaki. Akamtazama Kasuku. Kasuku akaitazama sahani yake kwa makini, kama kuna kitu kimeandikwa humo.

“Sawa,” mkewe alisema. “Mimi tangu nizaliwe sijawahi kusimamishwa mbele ya watu nikasifiwa kitu. Siku niliyosifiwa, nikaona aibu, nikafunika uso. Ulitaka nifunike nini?”

“Sikusema kitu.”

“Hukusema, lakini umenuna. Ungenisifia wewe, ningefunika uso hapa hapa nyumbani.”

Fundi alitaka kusema kwamba meno yake aliyaona siku ya kwanza kabisa, kabla ya tabibu yeyote, na kwamba ndiyo yaliyomfanya arudi mara nne nyumbani kwa shangazi wa mkewe kupima kiti kimoja. Ni maneno mazuri. Yangefaa kusemwa. Lakini yalikwama, na badala yake akauliza kama chai bado ipo.


Jumatano ndiyo siku ya kupaka dawa. Fundi aliamka akijua hataenda shuleni. Alinyoa ndevu akijua hataenda. Alifungua kibanda, akaanza kupigilia mgongo wa lile kochi la watu watatu, ambalo mteja alikuwa amelipia nusu na alikuwa analisubiri jioni, na ilipofika saa nne akasimama na nyundo mkononi.

“Nakwenda kutafuta kazi ya viti mashuleni,” alimwambia fundi redio.

“Wakikuuliza, waambie hivyo hivyo,” fundi redio alimjibu bila kuinua kichwa. “Ila usiape.”

Njiani kote fundi aliomba jambo moja tu: tabibu awe na kitambi. Na kipara kama kinapatikana. Alilizunguka jengo la darasa la kwanza kwa nyuma, akasimama kwenye dirisha la mwisho, akachungulia.

Hakukuwa na kitambi. Palikuwa na kijana mrefu, mabega kama rafu, mikono ya shati imekunjwa vizuri mpaka kwenye viwiko, amepiga goti moja mbele ya mtoto aliyelazwa juu ya madawati mawili yaliyounganishwa. Sauti yake ilikuwa ya chini. Mtoto aliyelia alinyamaza. Na pembeni yake, bega kwa bega kasoro upana wa kidole, alikuwa mkewe na tochi. Tabibu alinyosha mkono bila kutazama, mkewe akautilia pamba. Akanyosha tena, akapewa brashi ndogo. Hawakusemezana. Fundi angestahimili maneno. Kilichomkata maini ni vile walivyokuwa hawahitaji maneno. Yeye na mkewe walikuwa wametumia miaka kufika hapo, na hawa wamefika kwa wiki mbili na tochi.

“Wenye fomu za kukataa wakae benchi la pembeni,” mwalimu wa darasa alisema, akafungua daftari. Akasoma jina moja. Halikufuata la pili.

Kasuku alisimama. Watoto wote wakageuka.

“Hapo kuna makosa, mwalimu,” mkewe alisema akicheka. “Huyo baba yake alisaini. Aliniambia mwenyewe.”

Mwalimu alichomoa karatasi daftarini. Alimpa tu ile fomu, kona moja imechanika pale gundi ilipogoma kuachia. Mkewe akaisoma. Ni fomu fupi lakini aliisoma muda mrefu, na mwanga wa tochi aliyoisahau mkononi ulikuwa unamulika sakafu.

“Mama, nimekosa nini?” Kasuku aliuliza kutoka kwenye benchi.

“Hujakosa kitu, mwanangu.”

“Mbona nimekaa peke yangu?” Halafu macho ya yule mtoto, ambayo hayakuwahi kukosa kitu, yakafika dirishani. “Baba yule pale! Muulizeni yeye!”

Basi fundi akaingia mlangoni, maana mtu akishaonekana dirishani na watoto arobaini hana pengine pa kwenda. Aliingia na nyundo. Akafungua mdomo kusalimia, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba misumari yote bado ilikuwa humo. Ikabidi aiteme kiganjani, mmoja mmoja, darasa zima likimtazama.

“Daktari,” mtoto mmoja alinong'ona, “huyo mtu anakula misumari.”

Darasa likaangua kicheko. Tabibu hakucheka. Alisimama, akainama kidogo kwa adabu.

“Shikamoo, mzee.”

Fundi alikuwa na miaka arobaini na miwili. Mkewe alikuwa amesimama pale pale, anasikia.

“Marahaba,” alisema, na ni marahaba iliyomgharimu.

“Karibu sana. Nadhani kuna kisanduku kimekosewa hapa,” tabibu alisema, na sauti yake ilikuwa inamfungulia mlango atoke bila kuumia. “Hutokea kila shule, herufi zenyewe ni ndogo. Ukisema tu ulikosea, tunabadilisha sasa hivi na mtoto anarudi kwenye mstari.”

Neno moja tu lilitakiwa. Nimekosea. Angesema hivyo, hadithi ingekwisha hapo, na kochi la watu lingekamilika jioni. Mkewe alimtazama kwa macho ambayo yalikuwa yameshamsamehe nusu. Kisha, kwa bahati mbaya, akamtazama tabibu, na tabibu akamwashiria kwa kichwa, kidogo tu, kama watu wanaofanya kazi pamoja wanavyoashiriana.

“Sikukosea,” fundi alisema. “Macho ninayo na kusoma najua. Mtoto ni wangu.”

“Ni wako, mzee. Lakini Mama Miswaki ameona kidoa kwenye gego lake.”

“Meno ya utoto hayo. Yatang'oka yenyewe.”

“Ya mbele yatang'oka. Hilo la nyuma limeota mwaka huu, na limekuja kukaa mpaka uzeeni. Likiharibika, hakuna jingine linalosubiri chini.”

“Basi litakaa. Au mpaka uliruhusu wewe?”

Hakuna aliyecheka safari hii. Fundi alisubiri mkewe aseme kitu, apaze sauti, atupe tochi, alie hata. Mkewe aliikunja fomu, akamrudishia mwalimu. Akamshika mtoto aliyefuata mkono, akamlaza kwenye madawati.

“Tuendelee, daktari,” alisema. Tochi haikutetemeka.

Kila mtoto aliyepakwa dawa alipigwa muhuri wa nyota ya bluu mgongoni mwa kiganja. Kasuku alirudi nyumbani siku hiyo mikono yake ameiweka mfukoni. Na fundi aliporudi kibandani alikuta pengo: mwenye kochi alikuwa amepita mapema, akaona mgongo uko wazi na fundi hayupo, akalibeba vile vile na sponji limetoka nje. Alimwachia fundi redio ujumbe ambao fundi redio aliufikisha wote, na kuuongezea kidogo.


Wiki mbili mkewe hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alimwambia “chakula hiki hapa” na “maji yamechemka” na “shati lako liko kwenye kamba,” na ukiyahesabu hayo maneno yanakwisha. Mambo ya shule hayakutajwa tena mezani. Tabibu alisema nini, miswaki imebaki mingapi, nani amejifunza kusukutua bila kumeza, yote hayo yalikoma. Fundi alikuwa ameyachukia wakati yanasemwa. Sasa yalipotoweka akagundua kwamba hakubakiwa na la kusikiliza ila kijiko kikigonga sahani.

Halafu siku moja ya mapumziko, wakila, alimwona Kasuku amelaza kichwa upande wa kushoto, anatafuna polepole, kiganja shavuni.

“Unaumwa?”

“Siumwi. Nakula kama wewe.”

“Kama mimi vipi?”

Kasuku akamwonyesha. Alikunja jicho moja, akalisukuma tonge upande mmoja wa mdomo, akameza bila kutafuna vizuri, kisha akapitisha ulimi ndani ya shavu kuona kama bado pako salama. Alimwigiza vizuri mno. Alikuwa amejifunza kwa kutazama, na fundi alikuwa anadhani hakuna anayetazama. Kisha mtoto akasahau, akanywa maji ya baridi, na ukelele alioutoa ulimfanya jirani agonge ukuta.

Mkewe alileta tochi. Akamlaza mtoto mapajani, akamulika, kisha akamwita mumewe kwa kidole aje aone. Fundi akainama. Kwenye gego la nyuma, jipya, jeupe, palikuwa na kishimo cheusi ambacho kichwa cha msumari wake mdogo kingeenea humo barabara.

“Kilikuwa kidoa,” mkewe alisema. Ndiyo sentensi ya kwanza isiyo ya chakula wala shati tangu siku ile, na aliendelea. “Bado hakijafika kwenye mshipa, ndiyo maana analia kwa baridi tu. Sasa hivi kinasafishwa kwa mkono, bila mashine, kinajazwa. Kikichelewa ni kung'oa. Hospitalini nilishauliza tangu siku ile ya fomu. Kujaza ni bei ya wewe kutengeneza kochi zima. Kung'oa ni bei ya mto mmoja. Unajua watu kama sisi wanachagua nini.”

“Na hao wa shule?”

“Wako shule ya ng'ambo ya reli mpaka kesho kutwa. Baada ya hapo kwetu watarudi miezi sita ijayo.”

“Basi mpeleke kesho. Sikuzuii.”

“Siwezi kumpeleka. Daftari lao limeandikwa baba amekataa. Aliyekataa ndiye anayekwenda kukubali, kwa mkono wake, mbele yao. Ndio utaratibu.”

Fundi alikwenda kibandani kufikiri, maana nyumbani palikuwa hapafikiriki. Akamkuta fundi redio anapuliza vumbi kwenye redio iliyokwisha kufa.

“Jirani, wewe mwanao yupo darasa la pili pale. Fomu ile uliifanya nini?”

“Ipi? Ya meno? Nilisaini siku ile ile. Nakubali, nikapiga na mstari chini.”

“Ulisaini! Si wewe uliyekuwa unapiga mluzi hapa, sijui ameyahesabu meno?”

“Nilikuwa nakutania!” Fundi redio alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Sasa mimi nikuchekeshe kibandani, wewe ukamnyime mtoto dawa nyumbani? Utani na fomu vinahusiana nini?”


Shule ya ng'ambo ya reli ilikuwa na uwanja mkubwa na foleni ndefu. Walifika watatu, mkewe mbele, Kasuku katikati, fundi nyuma akiwa amevaa shati lake la harusi za watu. Misumari hakubeba hata mmoja. Ilibidi kwanza waende kwa mwalimu mkuu kueleza kwa nini wametoka shule nyingine, na fundi akaeleza. Kisha wakaelekezwa kwa msimamizi wa foleni, naye akaelezwa. Kisha mwanamke aliyekuwa na daftari akataka kuelezwa kwa sauti kubwa kidogo, maana watoto walikuwa wanapiga kelele.

“Ulikataa, halafu sasa unakubali?”

“Ndiyo.”

“Kwa nini ulikataa?”

Wazazi waliokuwa kwenye mabenchi walitega masikio. Fundi akatazama viatu vyake.

“Sikuielewa fomu vizuri.”

“Mbona hapa umeielewa mpaka ukatoboa karatasi?” mwanamke alisema, akiinua ile fomu ya zamani ili mwanga upite kwenye tundu. Kicheko kilizunguka mabenchi yote, kikarudi.

Tabibu aliwaona kutoka mbali. Alikuwa na haki ya kusema neno, na fundi alikuwa amejiandaa kulimeza. Lakini alisema tu, “Shikamoo, mzee, nimefurahi umekuja,” akampangusia Kasuku kiti. “Mama Miswaki, unaweza kunishikia tochi? Msaidizi wa hapa anatikisika.”

Mkewe akaweka mkoba chini, akachukua tochi. Akasimama pale pale, bega kwa bega kasoro upana wa kidole. Kasuku akapanda, akalala, akafungua mdomo mpaka ukomo wake. Tabibu akanyosha mkono, akapewa pamba. Akatazama, akasema kishimo kinawahika, kitajazwa leo na gego litadumu, ila hawezi kuingiza chombo mdomoni mwa mtoto kabla fomu mpya haijasainiwa.

Fomu mpya ilikuwa mapajani mwa fundi. Alama ameshatia, Nakubali, safari hii taratibu. Imebaki saini. Aliinua kalamu, na macho yakainuka pamoja nayo. Akawaona wale wawili wameinama juu ya mwanawe, vichwa karibu, kimya, wakielewana. Akaishusha kalamu. Alisimama, fomu mkononi, akamsogelea mkewe sikioni. Alidhani ananong'ona.

“Nitasaini. Lakini leo iwe mwisho. Ukitoka hapa, hii kazi ya meno uiache. Niahidi, nisaini.”

“Baba Kasuku, si hapa.”

“Hapa hapa. Niahidi.”

“Mtoto yuko kwenye kiti.”

“Namwona. Neno moja tu nalitaka.”

“Baba, mdomo unachoka,” Kasuku alisema, au alisema kitu kinachofanana na hicho, maana hakuufunga.

Tabibu alirudi nyuma hatua moja, akajifanya anapanga vyombo. Mwanamke wa daftari hakujifanya. Aliacha kuandika kabisa. Mkewe aliielekeza tochi pembeni isimuumize mtoto macho, akageuka akamtazama mumewe usoni, na hakupunguza sauti.

“Wazazi wa shule mbili wamemwachia mtu wasiyemjua vinywa vya watoto wao, na hakuna hata mmoja aliyemwekea sharti. Sharti unaniwekea mimi, niliyekuzalia huyo mwenye kinywa?”

Fundi akaiegemeza fomu kwenye meza ya vyombo, akasaini.